Maji ya Tana Ndani ya Tangi la Samaki

Leo nina jambo ambalo huenda baadhi yenu mkalicheka: maji ya tangi la samaki wa pambo, wale wekundu wa rangi ya dhahabu, yanapochafuka na kukataa kutulia. Najua hapa Garsen samaki tumezoea kumwona sokoni, kambare aliyekaushwa kwa moshi, au tilapia ndani ya sufuria. Samaki wa kuwekwa sebuleni atazamwe tu, hilo kwa wazee wengi ni jambo la mzaha. Lakini wapo wanaowafuga. Mtu huenda Mombasa au Malindi, akawaona dukani wakizunguka ndani ya kioo, watoto wakamng'ang'ania, akarudi nao kwenye basi wakiwa ndani ya mfuko uliojazwa maji na hewa. Wiki ya kwanza nyumba nzima inafurahi. Wiki ya pili maji hayaonekani upande wa pili.

Na hapo ndipo kosa huanza. Mwenye nyumba humwaga maji yote, husugua vioo kwa sabuni, huosha changarawe kwa maji ya moto mpaka ing'ae, kisha hujaza maji mapya. Siku mbili tatu maji ni safi. Halafu yanarudi kuwa meupe kama tui la pili. Anamwaga tena. Anaosha tena. Mwisho samaki analala ubavu, na lawama inaenda kwa muuzaji, au kwa jicho la jirani.

Ninachotaka kukuambia leo ni hiki: maji kuonekana machafu na maji kuwa mabaya kwa samaki ni mambo mawili mbalimbali. Kuna maji yaliyotibuka ambamo samaki anaishi raha mustarehe, na kuna maji maangavu kabisa yanayomuua kabla ya magharibi. Kwa hiyo kabla hujamwaga, jua kwanza kilichoyatibua.

Namna ya kujua ni rahisi. Chukua bilauri ya kioo, chota maji ya tangi, uiweke dirishani usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi iangalie huku umeweka karatasi nyeupe nyuma yake. Ikiwa maji yamepungua utusitusi na kuna mashapo ya kahawia chini, ulichonacho ni udongo. Ikiwa yamebaki na weupe uleule wa maziwa yaliyozimuliwa, hakuna kilichotuama, basi ni viumbe hai, bakteria, nao hawatuami kwa sababu ni wadogo mno. Na ikiwa ni kijani, huo ni mwani, ule mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Mambo matatu, na kila moja lina dawa yake. Dawa ya hili ukiitia kwenye lile, unaharibu.

Tuanze na udongo, maana huo ndio wetu.

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, takriban kilomita 1,000. Maji yake yanatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yanapita kwenye mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yanashuka Garissa, yanakuja Hola, yanatufikia hapa Garsen na kwenda kuingia bahari ya Hindi pale Kipini. Mabwawa yale yanazuia sehemu kubwa ya udongo unaotoka milimani. Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Masinga mwaka 1981, na tangu hapo tope nyingi ya bara hulala huko juu. Hata hivyo mto ukishatoka Kiambere unaanza kuchimba kingo zake wenyewe, na malaga yanayojaa wakati wa mvua yanaumwagia udongo mwekundu kutoka nyika za pande zote mbili. Ukifika hapa darajani, maji yameshakuwa kahawia tena.

Udongo huo si adui. Wapokomo wamelima kando ya mto huu vizazi na vizazi kwa kutegemea mafuriko yanayokuja na kuondoka, yakiacha tabaka la udongo mpya ambao hauhitaji mbolea ya duka. Mpunga, ndizi, mahindi, maembe, vyote vimekula tope ya Tana. Kiangazi kikikaza, Waorma wanateremsha ng'ombe wao deltani kwa sababu majani huko bado ni mabichi. Mwaka 2012 delta hii iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na bila tope hakuna delta. Kwa hiyo mtu akiniambia maji ya Tana ni machafu, huwa namuuliza: machafu kwa nani?

Ila ndani ya tangi la kioo, ni kweli, yanakera. Huoni samaki. Na udongo mwingi ukizidi kuelea unaweza kukwaruza na kuziba mashavu yake ya kupumulia. Sasa utayatuliza vipi?

Hapa nataka twende polepole, maana ndipo wengi wanapokosa subira. Maji ya mto yana chembe za aina tatu. Kuna mchanga, ambao ukichota maji kwenye bilauri unashuka mbele ya macho yako, sekunde chache tu. Kuna tope laini, chembe za unene wa sehemu moja ya mia ya milimita. Hizo kwenye bilauri yenye kina cha sentimita 10 huchukua kama dakika 20 kufika chini. Halafu kuna udongo wa mfinyanzi, chembe za sehemu moja ya elfu ya milimita au chini yake. Hizo, kwa sentimita 10 zilezile, zinahitaji zaidi ya siku nzima. Sasa piga hesabu ya pipa la lita 200, lenye kina karibu mara tisa ya bilauri. Chembe iliyoanza juu itafika chini baada ya siku kumi na zaidi, na hapo ni kama hakuna aliyeligonga pipa wala mtoto aliyetumbukiza kata.

Na ziko chembe ambazo hazifiki kabisa. Udongo wa mfinyanzi una chaji hasi ya umeme, kila chembe inamsukuma mwenzake, hazishikani zikawa nzito. Ndiyo maana ukichuja kwa kanga, hata uikunje mara nne, maji yanatoka na rangi ileile. Kanga inashika majani na wadudu, mfinyanzi unapita.

Akina mama wa mtoni wanajua dawa: shabu. Unashika jiwe la shabu, unalizungusha ndani ya ndoo mizunguko kadhaa, unalitoa, unafunika. Baada ya muda unaona vitu kama manyoya ya kahawia yameanza kuumbika katikati ya maji, yanashuka taratibu, na juu maji yanabaki maangavu. Kinachotokea ni kwamba shabu ina aluminiamu yenye chaji chanya. Inaondoa ule ugomvi baina ya chembe, zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Mitambo ya maji ya miji mikubwa hutumia dawa ya jamii hiyohiyo. Na jambo la namna hiyo mto wenyewe unalifanya bila kuulizwa: ukifika Kipini na kukutana na chumvi ya bahari, mfinyanzi unagandamana na kuzama, ndiyo sababu pwani ile ni ya tope na mikoko, na miamba ya matumbawe inayoonekana Watamu na Malindi hapo kwenye ghuba ya Ungwana haipo.

Lakini sikiliza vizuri. Shabu hutiwa ndani ya ndoo, kamwe usiitie ndani ya tangi lenye samaki. Inapofanya kazi inapandisha ukali wa asidi ya maji, na aluminiamu iliyoyeyuka humganda samaki mashavuni akashindwa kuvuta hewa. Tia shabu kidogo kwenye ndoo, ngoja mashapo yote yashuke, chota ya juu pekee kwa mpira wa kunyonyea, uyahamishe kwenye chombo kingine, uyaache siku nyingine moja ndipo uyapeleke kwa samaki. Ukiweza kufanya bila shabu kabisa, kwa kutumia pipa na subira, bora zaidi. Tangi halihitaji maji ya kung'aa kama ya chupa. Utusitusi kidogo wa mfinyanzi uliobaki utanaswa na sponji ya chujio siku hadi siku.

Kuna watakaouliza habari za mbegu za mlonge, ambao sisi wengine wa Pwani tunauita mzunze. Ni kweli zinatuliza maji. Nchini Sudan wanawake wa kando ya Nile wamezitumia tangu zamani, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliieleza kwa kirefu kazi yao hiyo katika miaka ya 1970 na 1980. Mbegu ikipondwa inatoa protini zenye chaji chanya, zinafanya kama shabu. Kwa maji ya kunywa ya siku hiyohiyo, sawa. Kwa tangi la samaki, sishauri hata kidogo, kwa sababu unga wa mbegu ni chakula, na chakula kinachobaki ndani ya maji kinatupeleka moja kwa moja kwenye tatizo la pili, lile la weupe.

Weupe huu ndio unaowachanganya watu, kwa vile unakuja baada ya usafi. Tangi jipya, changarawe mpya, maji mapya, na siku ya tatu au ya nne maji yote yanageuka ukungu. Hapo hakuna udongo. Samaki anakula, anatoa kinyesi, na chakula kilichobaki kinaoza. Bakteria wa kuozesha wakikuta karamu hiyo wanazaana kwa kasi, wakipata joto na chakula wanaweza kuongezeka maradufu chini ya saa moja. Mamilioni yao ndiyo weupe unaouona. Wenyewe hawamuumi samaki, ila wanavuta oksijeni ileile anayoihitaji yeye. Ndiyo maana unamwona amepanda juu, mdomo nje, anahema.

Sasa, kuna bakteria wa aina nyingine, wastaarabu zaidi, ambao hawaelei. Wanajishika kwenye changarawe, kwenye vioo, na hasa kwenye sponji ya chujio. Kazi yao ni kubadilisha amonia, ile sumu inayotoka mashavuni mwa samaki na kwenye uchafu wake, kuwa nitriti, na wengine wakaibadilisha nitriti, ambayo nayo ni sumu, kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa. Hawa wanazaana polepole. Wenzao wakihesabu dakika, wao wanahesabu saa kumi, saa ishirini. Tangi jipya huhitaji wiki nne mpaka sita kabla hawajatosha. Na wewe kila unapomwaga maji yote na kusugua kila kitu kwa sabuni, unawafukuza hao wazuri na kuanza hesabu upya, huku wale wa weupe wakirudi baada ya siku mbili. Ndiyo maana nyumba nyingine zina maji meupe mwaka mzima, na ndizo nyumba zinazosafisha sana.

Ufanyeje basi? Kwanza, punguza chakula. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu. Kinapita kwenye utumbo wake na kutoka, naye atakuomba tena kila akikuona umekaribia kioo. Usimwamini. Mpe kile atakachomaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Mkate, ugali, wali wa jana, hivyo viondoe kabisa, wanga unatibua maji kuliko kitu chochote. Ukitaka kumpa cha nyumbani, mpe punje ya njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda, au jani la mchicha lililolainishwa. Tangi likiwa na weupe, akikaa siku mbili bila kula hatakufa.

Pili, usibadilishe maji yote. Toa robo, jaza robo, mara moja kwa wiki. Kwenye tangi jipya unaweza kutoa robo hiyo kila baada ya siku mbili mpaka weupe upungue. Unapotoa, elekeza mdomo wa mpira chini kwenye changarawe ambako kinyesi kimekusanyika, usichote ya juu. Sponji ya chujio ikiziba, iminye ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, isipite bombani wala isiguse sabuni. Maji yatakayotoka humo ni meusi na yananuka. Mwagia mgomba, utakushukuru.

Tatu, angalia ukubwa wa chombo. Hili muuzaji hakuambii, kwa sababu anataka ununue na bakuli. Yale mabakuli ya mviringo yanapendeza kwenye picha, lakini samaki huyu ni jamaa wa samaki aitwaye kapu, si kidagaa. Akitunzwa vizuri anafikia urefu wa kiganja cha mkono na zaidi, na umri wake si wiki tatu. Kuna mmoja huko Uingereza aliyeitwa Tish, alipatikana kwenye michezo ya maonyesho mwaka 1956 na kufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Wafugaji wengi wanashauri lita 75 hivi kwa samaki wa kwanza na 40 kwa kila anayeongezwa. Lita 75 ni mitungi minne ya manjano, karibu ijae. Ukiweka samaki watatu ndani ya lita 15, unaweza kusafisha mpaka ukonde, weupe hautaisha.

Huo mwani wa kijani sitaukalia sana. Unatokana na jua na nitrati. Tangi lililowekwa kwenye dirisha linalotazama mashariki litakuwa kijani, hapana ujanja. Lihamishe, lifunike upande mmoja, punguza saa za taa, na ndani ya wiki mbili tatu rangi inapungua. Samaki mwenyewe hana shida nayo. Wajapani wanaofuga aina za bei ghali za samaki huyuhuyu hulea vifaranga vyao ndani ya maji ya kijani kwa makusudi. Na waulizeni wenye vidimbwi vya tilapia: wao hutia samadi ili maji yawe kijani, kwa sababu kijani hicho ndicho chakula. Kipimo chao ni mkono. Unazamisha mkono mpaka kiwiko. Kama huoni kiganja chako, mwani umezidi, acha samadi. Padri mmoja Mwitalia, Angelo Secchi, alifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 1865 kwa kuteremsha sahani nyeupe baharini kutoka kwenye meli ya Papa, na mpaka leo wanasayansi wanapima uangavu wa maziwa na bahari kwa sahani yenye jina lake.

Nilisema kuna maji maangavu yanayoua. Haya ndiyo ninayoyaogopa zaidi, kwa sababu hayatoi taarifa.

La kwanza ni klorini. Mafuriko yakija, na sisi tunayajua mafuriko, ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, ya 2023, ya 2024, tunagawiwa dawa ya kutibu maji, vidonge au ya chupa. Dawa hiyo inaokoa watu na kipindupindu, itumieni bila kukosa. Lakini maji yaliyotiwa dawa hiyo, au ya bomba yaliyotibiwa, ukiyamwaga moja kwa moja kwenye tangi yanamchoma samaki mashavu na kuwaua wale bakteria wastaarabu wa kwenye sponji. Kesho yake maji bado ni maangavu na samaki amekufa. Yaache maji ya bomba kwenye ndoo pana, wazi, siku nzima au mbili. Klorini ya kawaida inapaa. Na ipo dawa ya matone inayouzwa na wenye maduka ya samaki ya kuiondoa papo hapo, inafaa kuwa nayo ndani.

La pili ni amonia yenyewe, ambayo haina rangi. Na hapa joto letu linaingia. Amonia ileile, ndani ya maji yaleyale, sumu yake kwenye nyuzi 30 ni karibu maradufu ya ilivyo kwenye nyuzi 20. Wakati huohuo maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 yanashika saba na nusu tu. Samaki huyu asili yake ni China, kwenye maji ya baridi. Wachina walianza kumfuga na kumchagulia rangi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ukimleta Garsen mwezi wa pili, chini ya mabati, saa nane mchana, unamfanyia kazi ngumu. Tangi liwe chumba chenye kivuli, mbali na ukuta unaopigwa na jua, mfuniko uwe wa wavu. Pampu ndogo ya hewa ni muhimu kuliko taa, kuliko mapambo, kuliko kile kijumba cha plastiki. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, mara kwa mara, mpaka urudi. Watoto wanaipenda kazi hiyo.

Kuhusu visima: sehemu nyingi za delta maji ya chini yana chumvi. Samaki huyu anavumilia chumvi kidogo, ila ukionja ukakunja uso, usimpe. Maji ya mvua nayo, maangavu kuliko yote, hayana madini ya kuzuia asidi isipande ghafla. Changanya nusu ya mvua na nusu ya mto yaliyotulia, utapata maji mazuri.

Pipa lako la kutulizia maji lifunikwe kwa shashi iliyokazwa na kamba. Mbu anayeeneza homa ya dengi anapenda sana mapipa ya nyumbani kutagia mayai. Ukikuta viluwiluwi vyake, vichote kwa kichujio cha chai uwape samaki. Kwao hicho ni chakula bora kuliko chochote cha kopo.

Nina ombi moja kabla hatujaachana. Wapo wanaochoka. Samaki amekuwa mkubwa, maji hayaishi kusumbua, mtoto ameshapata simu na hamtazami tena. Mtu huona huruma, akamchukua samaki ndani ya ndoo mpaka mtoni na kumwachia huru. Tafadhali msifanye hivyo. Huko Australia ya Magharibi, kwenye mto Vasse, samaki hawa waliotupwa na wenye nyumba walizaana, na wengine wakafikia uzito wa karibu kilo mbili. Wanakula mayai ya samaki wenyeji, na kwa kuwa hutafuta chakula kwa kuchimbua matope ya chini, wanayatibua maji popote wanapokaa. Kwetu Kenya, jamaa yao kapu aliingia ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na haikuchukua muda mrefu akawa ndiye samaki anayejaza nyavu kuliko wote, na hakuna aliyeweza kumtoa.

Samaki usiyemtaka, mpe jirani, mpe shule, mrudishie muuzaji. Tangi na ndoo za nje zisiwekwe mahali ambapo mafuriko yatazibeba. Na ukisikia tangazo kwamba maji yanafunguliwa kutoka mabwawa ya juu, na wewe uko Idsowe, Wema au popote karibu na ukingo, unapohamisha mbuzi na magodoro, samaki naye mhamishe siku hiyohiyo.